Herufi Pana

Masatu alirudishwa Musoma kutoka kisiwa cha Rukuba amelazwa juu ya magunia ya dagaa, bega la kulia limeteguka, na kabla boti haijafungwa mwaloni habari zilikuwa zimeshafika mjini: yule aliyejisifu ameacha pombe amelewa tena, akaanguka ziwani maji yakiwa shwari kabisa. Aibu ya mtu haihitaji nauli. Inafika mapema kuliko mwenyewe, tena imeshatiwa chumvi njiani.

Waliompokea ni kaka yake Baltazar na mke wa kaka yake, Gaudensia. Hawa wawili wana fremu ndogo nyuma ya soko. Baltazar anashona kwa cherehani, Gaudensia anadarizi kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Sare za kwaya, majina ya shule kwenye masweta, vitambaa vya makochi ya maharusi, vyote vinapita mikononi mwao. Hata jaketi alilokuwa amevaa Masatu siku hiyo walilitengeneza wao. Baltazar alilikata na kulishona, kisha Gaudensia akaliandika kifuani, kwapa hadi kwapa, kwa uzi wa dhahabu, jina la tajiri mwenye boti: STANSLAUS. Wavuvi wote wa tajiri huyo walivalishwa hivyo.

"Sikunywa, shemeji," Masatu alimwambia Gaudensia hospitalini, sauti imekauka kwa maji aliyoyatapika. "Tulikuwa tunamwaga mgonzo. Kitu kikanishika hapa kifuani, kikanivuta. Nikajikuta niko chini ya maji."

Mgonzo ni ile kamba ndefu ya kuvulia sangara, yenye ndoano zilizofuatana mwanzo mpaka mwisho. Boti inakwenda, kamba inakimbia, na anayeimwaga hana nafasi hata ya kukohoa. Nahodha aliwahi kuikata kwa kisu, ndiyo maana Masatu yuko hai. Lakini nahodha huyohuyo ndiye aliyetangaza kwamba mtu mzima haanguki hivihivi.

"Kitu gani kilikushika?" Baltazar aliuliza.

"Sijui, kaka."

"Mimi nakijua," alisema mgonjwa wa kitanda cha jirani, mzee mwenye mguu wa plasta. "Kinakaaga kwenye chupa."

Wodi nzima ikacheka. Aliyebaki bila kucheka ni Rhobi, mke wa Masatu, aliyesimama miguuni mwa kitanda na mtoto mgongoni. Rhobi alishamwacha Masatu mara moja kwa sababu ya pombe. Alirudi kwa sharti moja tu, na sharti lenyewe kila mtu wodini sasa alikuwa analichekea. Alimtazama mumewe kwa muda, akamfunga mtoto vizuri, akatoka. Kesho yake wakasikia yuko kwao Buswahili, pamoja na watoto wote.

*

Jaketi lilikuja nyumbani ndani ya kiroba, bado bichi. Gaudensia alilipeleka uani alifue. Alipolikunjua juu ya beseni aliona ile herufi A ya kwanza imeharibika. Nyuzi za mguu wake mmoja zilikuwa zimevutwa nje, ndefu, nyingine zimekatika, nyingine zinaning'inia. Nguo yenyewe chini ya nyuzi haikuwa na tundu hata moja. Ndoano haikugusa kitambaa. Ilipenya chini ya uzi tu, ikashika.

Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alikaa chini pale uani, aibu imempanda mpaka masikioni.

Kinachoifanya herufi ya kudarizi ing'ae ni urefu wa uzi. Sindano ikiruka kutoka ukingo mmoja wa mguu wa herufi mpaka ukingo wa pili bila kutua katikati, uzi unalala laini na kupokea mwanga. Herufi ikiwa nyembamba hakuna shida, kwa sababu uzi ni mfupi na umekaza. Ukiipanua, uzi unabaki unaelea juu ya nguo, na kidole kinapita chini yake bila taabu. Dawa yake iko kwenye programu: kuna kisanduku kidogo, ukikiwekea alama sindano inakanyaga katikati ya njia, uzi unashikwa. Mng'ao nao unapungua.

Gaudensia alikijua kisanduku hicho vizuri sana. Alikiondolea alama kwa mkono wake mwenyewe. Tajiri Stanslaus alitaka jina lake lisomeke kutoka mbali, ni kweli, lakini tajiri hajui kisanduku wala programu. Gaudensia alikiondolea alama kwa sababu alipenda watu wanaposhika herufi zake na kuuliza, "Mama, huu ni uzi au ni dhahabu yenyewe?"

Alipanguza mikono, akampigia simu Abdulsalam, fundi wa Bunda aliyemfundisha kazi.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Mama Nyamburi. Mashine inasumbua?"

"Haisumbui. Nauliza tu. Kuna fundi mmoja huku ameandika majaketi ya wavuvi. Mguu wa herufi ameuwekea upana wa milimita kumi na mbili, halafu hakukanyagisha katikati."

"Ya wavuvi wa nyavu ama wa ndoano?"

"Wa ndoano."

Abdulsalam alianza kucheka, kisha akaacha. "Mimi nilisemaga nini hapa? Upana ukipita saba, kanyagisha. Hata sweta la mtoto wa shule, siku akiruka uzio litamnasa. Sasa mtu wa ndoano! Huyo fundi ni nani?"

"Simjui vizuri."

"Mwambie aache kazi, akauze nyanya."

"Nitamwambia," alisema Gaudensia.

Baltazar aliporudi jioni, mkewe alimwonyesha jaketi. Fundi haelezwi mshono. Aliipitisha mikono kwenye zile nyuzi, akatazama nguo kwa ndani, akatazama tena kwa nje. Kisha akafunga mlango wa uani, akachukua wembe, akaanza kufumua. Hakufumua A peke yake. Alifumua jina zima, herufi baada ya herufi, akazikusanya nyuzi za dhahabu na kuzitupa jikoni kwenye moto wa mkaa.

"Baba Nyamburi, unafanya nini?"

"Unaona ninachofanya."

"Masatu ataachishwa kazi."

"Masatu ameshaachishwa. Wameshasema mlevi, na kweli alikuwaga mlevi, hakuna aliyemsingizia. Atapata boti nyingine. Sisi tukipata jina la kuzamisha watu ziwani, nani ataleta kitambaa hapa? Mama Matrida wa parokia analeta sare za akina mama wote. Umesahau?"

"Sijasahau. Na wale wengine? Wamevaa vilevile mpaka sasa, na wanaingia ziwani."

Baltazar aliendelea kufumua huku uso ameuinamisha, na Gaudensia akatambua kwamba mumewe naye anaona haya, ila mikono yake ilikuwa imeshaanza kazi na haikujua kuacha.

*

Asubuhi alikwenda mwaloni kwa Tajiri Stanslaus. Alimkuta kwenye mizani yake, mwanamume mnene mwenye kofia ndogo na sauti ya kuita watu ng'ambo. Gaudensia alikuwa ameyapanga maneno tangu nyumbani. Yalipotoka yalikuwa mengine.

"Nimeona uzi wa majaketi unalegea, tajiri. Naomba niyachukue yote niyakaze. Bure."

"Bure?"

"Ni kazi yangu. Nisingependa iharibike mapema."

Tajiri aligeuka akawaita watu wake. "Mnamsikia huyu mama? Hajaitwa, hajalalamikiwa, amekuja mwenyewe kuangalia kazi yake. Hii ndiyo inaitwaga kasitoma kea! Nyie nikiwatuma kuziba boti mpaka niwafuate na fimbo." Wavuvi wakamtazama Gaudensia kwa heshima. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Siyo kama shemeji yako," tajiri akaendelea kwa sauti ya chini, "samahani kusema. Nilimchukua kwa huruma. Watu walinionya: mlevi haachagi. Sasa mgonzo mpya wote uko chini ya ziwa. Sikio la kufa, mama."

Palikuwa na nafasi pale. Tajiri alifuta jasho, akamtazama kama mtu anayesubiri jibu. Gaudensia alifungua mdomo.

"Tunamwombea," akasema.

Njiani, amejitwika furushi la majaketi, alijichukia waziwazi. Alijiita mnafiki kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili.

Alishinda kwenye fremu akifumua na kuandika upya. Safari hii alipunguza upana wa herufi, akakiwekea kile kisanduku alama, akatazama kwenye kioo cha kompyuta jinsi mstari mwembamba wa vituo vya sindano unavyojitokeza katikati ya kila mguu. Alijaribu kwa ukucha, kisha kwa kijiti. Hakikupita kitu. Kurekebisha kwenye programu kulimchukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Tajiri aliyapokea, akaligeuza moja juani huku na huku. "Mbona limefifia? Jina langu limekuwa la matope."

"Limekaza, tajiri."

"Mimi nilitaka ling'ae."

Nyumbani Masatu alikuwa analala sebuleni kwenye mkeka, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Hakutaka kuonekana mzigo. Alifagia uwanja kwa mkono mmoja, akaosha vyombo kwa mkono mmoja, akivunja sahani na kuomba msamaha mara nyingi kupita thamani ya sahani. Akitoka nje, vijana wa kijiweni walimwigiza mlevi anayeyumba juu ya boti. Aliacha kutoka. Kila alipowekewa chakula alisema, "Asante shemeji, Mungu akubariki," na Gaudensia akikimbilia jikoni kama kuna kitu kinaungua.

"Tumwambie hata yeye," alimsihi mumewe.

"Masatu hajui kuficha kitu. Ukimwambia yeye umeuambia mji. Subiri sare za Mama Matrida ziishe."

Zikaja sare, zikaisha, zikaja nyingine. Siku ya kusema ikawa inasogezwa mbele kila inapokaribia.

*

Ndipo ulipofika ujumbe kutoka Buswahili. Mzee Abraham, baba yake Rhobi, alisema waje, waje na mwanamume mwenyewe, na aseme kwa kinywa chake.

Baltazar alifurahi. Desturi ya kule aliijua: mwanamke aliyerudi kwao hatolewi mpaka mume ataje kosa lake mbele ya wakwe. Akikana, amemfanya binti yao mwongo, na kikao kinavunjika papo hapo. Akikubali, anatozwa, anasemwa, anapewa mke wake.

"Utakubali tu, mdogo wangu," alimwambia Masatu. "Neno moja. Unaondoka na mke."

"Lakini sikunywa."

"Unataka haki ama unataka Rhobi?"

Baltazar akamgeukia mkewe, akamwambia amwandikie mkwe blanketi la kumvisha, jina lake lote, kubwa.

Gaudensia alikaa mbele ya kompyuta, akaandika ABRAHAM, akavuta kingo za herufi mpaka zikanenepa. Mkono ulifika kwenye kisanduku ukasita.

"Niache alama?" aliuliza.

"Blanketi lina manyoya. Herufi za kufifia zitazama mle ndani, watasema tumewaletea gunia. Toa."

"Baba Nyamburi."

"Wakwe hawaendagi ziwani, mama. Toa."

Akatoa. Mashine ikaanza kupiga, na dhahabu ikajaa juu ya manyoya mekundu. Alipolitandaza mezani ili akate nyuzi za nyuma, Mungu amsamehe, alilipenda.

*

Walipokelewa vizuri. Nyumba ya Mzee Abraham ilikuwa imefagiwa, wanaume wamekaa upande wa dirisha, wanawake wamekaa kwenye mikeka karibu na mlango wa jikoni, Gaudensia akiwa miongoni mwao. Rhobi alikuwa ameketi nyuma ya mama yake, amekonda. Baltazar alimvisha mzee blanketi, akalifunga fundo shingoni lisidondoke, na vigelegele vikapigwa. Shangazi yake Rhobi alisogea akazigusa herufi. "Hii ni mashine ama ni mkono wa malaika?" aliuliza. Gaudensia alitazama mkeka.

Mzee Abraham alikuwa mkulima mrefu asiyependa kuzungusha maneno. Alisubiri vigelegele viishe.

"Masatu."

"Naam, baba."

"Rhobi alirudi hapa mara ya kwanza kwa pombe. Ukaja, ukaapa, tukakuamini. Sasa amerudi tena. Ulikunywa?"

Masatu alimtafuta mkewe kwa macho. "Baba, kitu kilinishika kifuani..."

Watu wakaguna. Shangazi akasonya. Baltazar alimkanyaga mdogo wake mguu, akasema kwa upole, "Sema, Masatu. Mficha uchi hazai."

"Nilikunywa," alisema Masatu.

"Ulikunywa nini?"

"Gongo."

"Ulipewa na nani?"

"Nilinunua."

"Ukanywa na nani?"

"Peke yangu. Nyuma ya kambi." Aliyasema huku anatafuta kila neno, na kila alipolipata jasho lilimtoka. Gaudensia alimsikia mtu mzima akiujenga uongo tofali kwa tofali ili yeye akae ndani yake, na bado alikuwa amekaa.

Rhobi aliweka khanga usoni akalia kwa sauti. Kumbe mpaka dakika ile alikuwa bado ana tumaini. Mama yake alimvuta kichwa akakiweka mapajani.

"Vizuri," alisema Mzee Abraham. "Umesema kweli, na nakushukuru. Kosa la kwanza tulikusamehe. La pili hatusamehe. Binti yangu haendi popote. Watoto utawaona hapa ukija, ukiwa mzima wa akili. Tuleteeni maji tunawe."

Baltazar aligeuka rangi. "Baba, lakini amekubali..."

"Ndiyo. Amekubali kwamba yeye ni mlevi. Unataka nimpe mlevi binti?"

Masatu aliinama mpaka paji la uso likagusa kile kitambaa cha mkono. Msichana alikuwa ameshaanza kupitisha beseni la maji.

"Hakunywa," alisema Gaudensia.

Alikuwa amesimama. Mwanamke aliyefuatana na ujumbe hasemi mpaka aulizwe, na yeye hakuulizwa. Baltazar alimkazia macho.

"Hakunywa, baba. Ni kazi yangu. Herufi nilizomwandika kwenye jaketi nilizifanya pana mno, uzi ukawa unaelea. Ndoano ikaingia chini yake, ikamvuta na kamba."

Shangazi akacheka. "Mke wa kaka anamfunika shemeji yake. Hata mimi ningefanyaga hivyo."

"Uzi?" mmoja wa wajomba aliuliza. "Uzi huu wa kushonea? Umvute mwanamume?" Kicheko kikaenea upande wa dirisha.

"Msameheni," alisema Baltazar. "Mke wangu ana huruma sana. Tangu ajali hii halali."

Hapo ndipo Gaudensia alipofanya jambo ambalo Buswahili wanalisimulia mpaka leo. Mwanamke wa upande wa mume hamsogelei mkwe, hata kupita nyuma ya kiti chake anaomba radhi. Yeye alikanyaga mikeka ya wanawake, akavuka katikati ya sebule, akasimama mbele ya Mzee Abraham. Alikunja kidole chake cha shahada, akakiingiza chini ya mguu wa herufi R kifuani pa mzee. Kidole kikazama mpaka kiungo cha pili. Akavuta.

Mzee alishika mkono wa kiti kwa nguvu. Gaudensia akavuta zaidi, uzito wake wote nyuma. Fundo likamkaba mzee shingoni, kiti kikainama, na Mzee Abraham akatoka kwenye kiti chake akaangukia magoti sakafuni, mbele ya wakwe zake wote. Wanawake wakapiga yowe. Uzi haukukatika.

Gaudensia alichomoa kidole akapiga magoti naye. Kidole kilikuwa kimechanika na kuvuja damu. "Hivi ndivyo alivyovutwa, baba. Na mimi sina nguvu za boti."

Wajomba walikuwa wameshasimama, mmoja ameshamshika bega amtoe nje, lakini mzee aliinua mkono. Bado yuko chini, aliutazama mguu wa ile herufi. Akaingiza kidole chake mwenyewe, akavuta, akasikia shingo yake inavyofuata.

"Hilo jaketi liko wapi?" aliuliza.

Gaudensia alimtazama mumewe. Baltazar alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Herufi tulizifumua," alisema Gaudensia. "Tukazichoma."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Abraham alimwambia ampigie simu yule tajiri, hapohapo, na sauti iwekwe juu. Gaudensia akapiga. Akaeleza yote akiwa amepiga magoti, simu mkononi, damu ya kidole inapaka kioo.

"Kwa hiyo kasitoma kea yako ilikuwa ni hiyo," alisema Tajiri Stanslaus. "Na mimi nimewasifia watu! Haya. Mwambie Masatu bega likipona aje, nafasi yake ipo. Wewe mwaloni kwangu usikanyage. Na ujue nimeweka spika, wavuvi wote wamekusikia." Simu ikakatika.

Rhobi alikuwa ameinuka. Alikwenda mpaka kwenye benchi la mumewe, akasimama mbele yake, uso bado umelowa.

"Mbona ulisema umekunywa?"

"Mliniuliza sana," alisema Masatu.

Rhobi alimshika ule mkono mzima, akauminya. Kisha akageuka. "Dada Gaude," alisema, bila hasira yoyote, "ulijua lini?"

"Juzi tu," Baltazar akawahi, "tulipokuwa tunasafisha..."

"Siku ileile," alisema Gaudensia. "Nilipokuwa nafua jaketi."

Tangu aliposimama kusema, katika nyumba ile nzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyemtazama kwa upendo, naye ni Masatu. Alimtazama hivyo alipovuka sebule, akamtazama hivyo alipopiga simu. Sasa ule upendo ulimtoka usoni taratibu, na Gaudensia aliuona ukitoka.

Masatu alimsaidia mkwe wake kurudi kwenye kiti. Mzee akamkubalia kwa kichwa, ndipo Masatu akamwambia Rhobi awavishe watoto viatu. Alipofika mlangoni alisimama mbele ya mke wa kaka yake, aliyekuwa bado yuko chini.

"Wote waliniuliza kama nilikunywa," alisema. "Mke wangu, kaka yangu, mpaka wagonjwa. Wewe peke yako hukuniuliza. Mimi nikadhani unaniamini."